Mstari Ambao Sikuukwangua

Wewe uliyeamka ukakuta upande mmoja wa mwili haukuitikii tena, karatasi hizi ni zako. Mambo ya vidonge muulize daktari. Mambo ya kurogwa waulize majirani, watakuambia hata usipouliza. Mimi nina habari za njia tu: pa kupita, pa kupumzika, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Nilizisoma kwa mguu wangu, tena mguu mmoja.

Naitwa Mama Rehema. Nimezaliwa mtaa wa Buyenzi, nikaolewa, tukahamia mtaa wa Musaga, kusini mwa mji huohuo, kwenye nyumba iliyo karibu na barabara kubwa ya kwenda kusini. Kazi yangu ni kuchora ramani katika ofisi moja ya serikali mjini. Si mimi ninayeamua barabara ipite wapi. Wakubwa wanaamua, wapimaji wanapima, mimi nachora kwa wino juu ya kalki, ile karatasi inayoonyesha kilicho chini yake. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi na mkono wangu wa kulia haujawahi kutetemeka.

Kiharusi kilinikuta mwanzo wa kiangazi, wakati wa ambargo, nchi za jirani zilipotufungia mipaka na petroli ikawa ya kutafuta kwa tochi. Nilikuwa ofisini nimesimama mbele ya meza. Rula ikaanguka. Niliinama kuiokota kwa mkono wa kushoto, mkono ukabaki ulipo. Nikautazama. Nikauambia kimoyomoyo, okota. Haukuokota. Halafu nikajikuta sakafuni, naona miguu ya meza na viatu vya wenzangu. Sikuogopa. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilichofikiria ni kwamba chupa ya wino iko wazi, wino utakauka.

Hospitali nililala siku kumi na mbili. Nchi ilikuwa vitani, na waliopigwa risasi walipewa vitanda kwanza, haki yao, mimi nikawekwa kwenye mkeka kando ya mlango. Mume wangu Saidi ni fundi magari kule Quartier Asiatique. Magari hayakuwa na petroli lakini yeye hakuacha kwenda gereji, na kila siku alasiri alikuja kwa miguu, mikono ina grisi, akakaa chini karibu na kichwa changu. Hana maneno mengi, na siku zile hata machache aliyokuwa nayo yalikwisha. Alinilisha uji. Uji ukatoka kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, akaufuta kwa kidole gumba. Siku moja nikamwona anatazama kando huku anafuta. Nikaelewa kwamba uso wangu umekuwa kitu cha kutazamwa kando, na hata hilo halikuniuma. Ndivyo nilivyokuwa miezi ile. Mambo yalipita mbele yangu, nikayaona, basi.

Nyumbani nilikabidhiwa kwa Rehema, binti yetu wa pekee, wa miaka kumi na sita. Aliniogesha, akanisuka, akanivalisha. Nilikuwa navaa kandambili, na ya kushoto ilichomoka bila mimi kujua. Tunatembea uani, Rehema anasimama, anageuka, anarudi hatua sita kuiokota. Mwishowe alinifunga mguu na kandambili yake kwa kipande cha kitenge. Huo ni ushauri wangu wa kwanza: funga kiatu, usijifanye hodari. Kusali nilisali juu ya kiti. Udhu alinimiminia Saidi, na kwa kuwa mkono wa kushoto haukusikia maji, nilikuwa namuuliza, umeshaosha huu? Anasema, nimeuosha mara tatu. Tunaendelea.

Baada ya wiki tano nilipelekwa kwa Kine. Jina lake ni Deogratias, lakini pale kituo cha afya kila mtu alimwita Kine kwa kazi yake ya kunyoosha viungo. Kituo kiko barabara hiyohiyo ya kwetu, upande wa kwenda Kanyosha, mtaa unaofuata kusini, karibu na nyumba za mwisho za mtaa. Mwenye miguu miwili anafika kwa dakika ishirini. Mimi na Rehema tulichukua zaidi ya saa nzima, na njiani nilikaa chini mara nne.

Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi mawili ya saruji na feni isiyozunguka. Utakaa sana kwenye vyumba vya namna hiyo, kwa hiyo nikuambie: chagua benchi lililo mbali na mlango, maana mlangoni jua linaingia na halikuulizi. Akina mama wa Kanyosha waliingia wamekauka midomo, maana mabasi hayakuwepo na wote walikuja kwa miguu. Kine aliwakataza wauguzi wasimpime mtu presha akiingia tu. Aliwaambia kwanza wapumzike. "Saa hii mashine itapima barabara, haitapima mutu," alisema.

Mimi aliniinua mguu, akaukunja, akaukunjua, akagonga goti. Akaniuliza ganzi inaanzia wapi, nikamwonyesha bega. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo.

"Mama, mi sina dawa ya iyi mguu. Dawa yake ni kutembea, lisaa moja kila siku, kuja hapa na kurudi. Ukikaa, itakauka. Lakini mu jua apana. Presha yako na jua hazipatane."

Nikamuuliza kivuli kiko wapi kwenye barabara ile. Akacheka, akasema hiyo niwaulize waliokata miti. Rehema naye akacheka. Mimi sikucheka, wakadhani ni mdomo ulionipinda.

Sasa sikiliza jambo lililokuwa hatarini, maana si mguu peke yake. Rehema alikuwa amepata nafasi lise, yaani shule ya sekondari. Muhula wa mwisho wa mwaka wa masomo uliokwisha aliukosa sehemu kwa ajili yangu, na mkuu wa shule alituambia waziwazi: kiti chake kitangoja mpaka siku ya kufungua mwezi wa tisa, siku hiyo ikipita anapewa mtoto mwingine, watoto waliokimbia vita mikoani wanangoja mlangoni. Wifi yangu alikuja akatoa hukumu yake bila kuombwa. Akasema mtoto wa kike abaki na mama yake, shule ya nini wakati nchi inaungua. Wifi ni wifi. Lakini Saidi hakumkatalia, na hilo nililiona. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu: ama nitembee peke yangu kwenda kwa Kine na kurudi kabla shule hazijafunguliwa, ama Rehema aache shule anishike mkono.

Hapa lazima nikupe habari ya miti, bila hiyo hutanielewa.

Wino juu ya kalki haufutiki kwa raba. Tena mchoraji hasimamishi kalamu pale mstari unapotakiwa kuishia, maana akisimama ghafla wino unaacha tone. Anaupitisha mbele kidogo, anauacha ukauke, kisha ile ziada anaikwangua kwa wembe. Kila mchoraji ana wembe wake kwenye droo. Mwaka mmoja kabla sijaanguka, wakubwa waliagiza miti yote ikatwe pande mbili za barabara, kuanzia nyumba ya mwisho ya mtaa kwenda kusini, kwa sababu watu wenye silaha walijificha humo na kuyapiga magari. Nikapewa kuchora. Nilivuta mistari miwili myekundu, nikaipitisha kama ada, ikaingia mtaani kiasi cha vidole vitatu. Kabla haijakauka milio ya bunduki ikasikika milimani. Ofisi nzima ikaanza kufunga madirisha, na mkubwa wangu amesimama pembeni na faili mkononi, anataka karatasi yake. Nikampa. Nilijiambia kesho nitaiomba niikwangue.

Kesho hapakuwa na kazi. Mji ulikuwa umekufa, maduka yamefungwa, matairi yanawaka njiani. Siku ya tatu nilipotoka nyumbani nikasikia msumeno.

Vidole vitatu vya karatasi ni kipande kizima cha barabara, kutoka kituo cha afya hadi karibu na kituo cha petroli. Pande zote mbili ilisimama mijohoro iliyopandwa kabla sijazaliwa, matawi yake yalikutana juu ya njia. Wakataji walikuwa na nakala ya karatasi yangu, nikaitambua kwa herufi zangu. Ningeweza kusema, simamisheni, hiyo ni ziada. Lakini siku zile mtu aliyetetea mti aliulizwa anamficha nani. Nilisimama na watu wengine nikatazama miti mitatu ikianguka, kisha nikaenda kazini. Sikuhisi kitu. Nadhani kiharusi changu kilianza siku hiyo, daktari aseme atakavyo.

Basi, mwezi wa nane tukaanza kutembea, mimi na Rehema, kwenda na kurudi. Kizuizi cha askari kilichokuwa barabarani kilifunguliwa asubuhi jua limeshapanda juu ya milima, na Kine alianza kupokea watu saa tatu. Kwenda kuna unafuu kidogo. Kurudi, baada ya kungoja zamu, ni saa sita, na saa sita pale penye visiki hapana hata kivuli cha mbuzi. Utasema, si ungechukua mwavuli? Mkono wa kulia ulishika fimbo, wa kushoto haukushika kitu. Rehema ndiye aliyeshika mwavuli, na Rehema ndiye tuliyekuwa tunataka asiwepo.

Siku ya tisa nilimwambia abaki nyuma, atembee mbali na mimi, nijaribu. Nilifika katikati ya visiki. Barabara ikawa nyeupe, masikio yakavuma, na nilichojua baadaye ni kwamba nimelala juu ya gunia na mtu ananimwagia maji kichwani. Huyo alikuwa Generoza. Alikuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwani, pale kando ya njia, chini ya shitingi, yale maplastiki ya buluu waliyopewa watu waliokimbia makwao. Alinishika kichwa mpaka nikaona vizuri. Hakuniuliza mimi ni nani. Alimgombeza Rehema kidogo kwa kuniacha, kisha akatufungia ndagala kwenye gazeti akatukatalia malipo.

Jioni Saidi alisikia habari. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba lise si lazima, kuna watu wazima wengi hawakusoma lise. Rehema alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Hakulia mbele yetu. Niliitazama mikono yake, na nikajua huyu mtoto ananidai samahani ambayo mwenyewe hajui kama anastahili.

Kesho yake nilimtuma aniletee kalki zangu mbovu zilizokuwa chini ya kitanda. Nikakaa mlangoni, yeye akawa miguu yangu. Alikwenda barabarani saa mbili, saa tatu, saa tano, saa sita, akapima kwa hatua kivuli cha kila ukuta kimefika wapi, akarudi akaniambia, nikachora. Alianza kwa kununa. Siku ya pili akawa ananitania kwamba mkono haujapona na sasa kichwa cha mama nacho kimepooza.

"Mama, unachora kivuli?" aliniuliza.

"Nachora njia yako ya shule," nikamwambia.

Na hiki ndicho tulichokiona, kitakufaa popote unapoishi. Ukuta ni rafiki wa asubuhi, saa sita unakukana. Saa sita anayekusaidia ni yule aliye juu ya kichwa chako: paa au mti. Kwetu palikuwa na upenu wa duka la unga, kisha baraza ya kanisa, kisha paa kubwa la kituo cha petroli, ambalo siku zile lilikuwa halina kazi nyingine. Katikati ya hivyo hatua zilikuwa chache, naweza. Lakini kivuli kikikatika mahali parefu, hicho cha nyuma na cha mbele havina maana tena. Kule Asiatique wafanyabiashara wa zamani walijua hilo. Kila duka lina baraza mbele, paa limetokeza, na baraza ya huyu inashikana na ya jirani, unatembea mtaa mzima jua halijakugusa. Mimi nilizichora baraza hizo mara nyingi bila kufikiria ni za nini.

Kipande chetu kilichobaki kilikuwa hatua zangu mia tatu na sitini. Sikuhitaji Rehema anipimie. Kilianza pale mstari wangu ulipotakiwa kuishia.

Akina mama wauzaji walikuwa kumi na mmoja, na wote walibanana chini ya paa la petroli kwa sababu ya jua, isipokuwa Generoza aliyekaa peke yake kwenye visiki. Nilikwenda na karatasi yangu nikawaambia wajipange kando ya njia, meza mbali na meza, kivuli cha shitingi ya huyu kikaribie cha mwenzake. Wanunuzi wa Kanyosha wanapita pale wamechoka, wakipata kivuli watasimama, na aliyesimama ananunua. Walicheka. Mmoja akasema mgonjwa anataka tumjengee korido. Generoza hakucheka. Alisema mama wa watu hasemi uongo, mutu iko na jua mu kichwa hanunue kitu. Wawili wakahama kumridhisha yeye. Ndani ya siku nne walikuwa wanauza zaidi kuliko waliobaki chini ya paa, na ikifika hapo hakuna haja ya kumbembeleza mtu. Wiki iliyofuata wote walikuwa kwenye mstari, na mimi na Rehema tuliweka mawe ya alama pa kusimika nguzo za kila mmoja.

Tukapunguza mapengo mpaka likabaki moja tu kubwa, la hatua ishirini na nane, mahali ambapo mtaro umebomoka na hapakuwa na aliyetaka kusimika meza. Siku hiyo zilikuwa zimebaki siku nne shule zifunguliwe. Saidi alishatoa neno lake: akiniona kwa macho yake nimetoka kwa Kine nikarudi peke yangu, saa sita, mtoto anakwenda. Nisipoweza, yaishe.

Generoza alisema atahamia yeye penye mtaro, majirani zake wasogeleane wazibe pake. Nikamwambia pale pabaya, hutauza. Akasema, haizuru. Akaanza kufungua kamba zake, na huku anafungua akaniambia kwa nini alikuwa anakaa peke yake kwenye visiki tangu mwanzo. Kiangazi kilichopita mama yake alitoka Kanyosha kwenda mjini kutafuta dawa. Mabasi hakuna. Alipofika pale alichoka, akakaa juu ya kisiki, juani, na watu wakapita wakidhani amepumzika. Jioni wakagundua hapumziki. Generoza alichagua kisiki hicho akaweka gunia lake hapo.

"Wangeacha hata muti moja," alisema. "Mama yangu hakupata mutu wa kumufungulia shitingi. We dada yangu, nitakufungulia."

Wakati huo tulishafika penye mtaro, yeye anafunga kamba upya, mimi nimekaa kwenye gunia lake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini wako waliofichwa maradhi ya wengine na kifo kikaja kwao. Ningenyamaza, shitingi ingebaki juu, Rehema angekwenda shule, na hakuna mtu duniani angejua. Nililijua hilo vizuri. Nilijua pia kwamba akikasirika anaweza kuwaambia wenzake kumi, na kesho yake njia nzima ikawa wazi. Sikuambii nilikuwa jasiri. Nilishindwa tu kuvumilia kuitwa dada.

Nikamwambia. Nikamweleza wino, ziada, wembe, siku ya tatu na msumeno. Nilisema polepole kwa sababu mdomo wangu ulikuwa bado mzito, na yeye akaendelea kufunga fundo lile lile.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Siku ya tatu nilijua."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

Akamaliza fundo. Akavuta kamba kuona kama imeshika. Kisha akainama akaanza kuchambua ndagala zake, zilizovunjika kando, nzima kando, na hakuniangalia tena. Nikashika fimbo, nikaondoka. Rehema alikuwa kwenye meza ya mbele akinunua vitunguu. Aliniuliza mbona nimebadilika rangi, nikamwambia ni jua.

Usiku ule sikumwambia Saidi kitu. Asubuhi alivaa shati safi, akaenda kusimama kituo cha petroli, Rehema kando yake. Mimi nilikwenda kwa Kine, nikanyooshwa, nikangoja saa sita kwenye benchi la mbali na mlango. Nilikuwa nimejiandaa kukuta njia imevunjwa yote. Nikatoka. Shitingi ya kwanza ipo. Ya pili ipo. Akina mama wakanisalimia kama kawaida, mmoja akaniita mama korido, nikajua Generoza hakuwaambia.

Nilipofika shitingi iliyo kabla ya yake, alikuwa amesimama. Aliniona. Akafungua kamba ya mbele, akafungua ya nyuma, akakunja shitingi yake taratibu, mara mbili, mara nne, akaiweka magotini akakaa juu ya ndoo. Jua likaanguka juu ya ndagala. Mbele, mbali, nilimwona Saidi na shati lake jeupe. Hakuna aliyeelewa kilichotokea isipokuwa sisi wawili.

Nilisimama chini ya shitingi ya jirani nikapumua. Ningeweza kusema nimechoka, Rehema angekuja mbio na mwavuli. Nikaweka fimbo mbele. Moja. Mguu wa kushoto naurusha kutoka nyonga, unafika unapofika. Kumi. Masikio yakaanza kuvuma. Kwenye kumi na tano nilikuwa mbele yake kabisa, na nikamwambia mwakeye, maana usipite mbele ya mtu bila salamu. Akaitikia. Aliitikia kwa sauti ya kawaida, ya mtu na mtu, bila kuinua macho. Kwenye ishirini niliogopa. Tangu nianguke ofisini sikuwa nimeogopa kitu chochote, sasa niliogopa sana, nikaikaza fimbo. Niliogopa kwamba nitaanguka mbele ya mwanangu na yeye atabaki nyumbani kwa sababu ya vidole vitatu vya wino. Nikaendelea kuhesabu. Ishirini na nane ilikuwa chini ya shitingi ya muuza mihogo, akanipa kigoda.

Saidi hakuja kunipokea, kama tulivyopatana. Alingoja mpaka nikafika kwenye paa la petroli, akanishikia fimbo, akasema, "Haya. Mutoto aende." Rehema alinikumbatia upande wa kushoto, kisha akakumbuka, akahamia wa kulia. Nililia. Sikujua kama ni furaha au ni nini, lakini machozi yalitoka macho yote mawili, na Kine aliponiona wiki iliyofuata akasema hiyo ni dalili nzuri.

Siku ya kufungua Rehema alikwenda. Nilimweleza habari ya mstari wakati wa likizo ya Krismasi, na alikaa siku tatu haniongeleshi, kisha akaniongelesha. Saidi nilimwambia kabla ya hapo. Mvua zilikuja, zikaenda, zikaja tena. Nimerudi ofisini nusu siku. Mkubwa mpya aliniomba nichore mpango wa kupanda miche pande zote mbili za barabara ile, nikauchora, wakaipanda, mbuzi wakaila. Nimechora mwingine.

Kwa hiyo, ndugu yangu mgonjwa, tembea. Tafuta walio na paa, waombe wakusogelee, watu wana huruma kuliko unavyodhani. Na kama unalo la kuwaambia, waambie kabla hujapokea kivuli chao, hata kama itakugharimu hatua ishirini na nane. Mimi nazilipa kila siku ninayokwenda kwa Kine. Generoza ananiona natoka kituo cha afya, anafungua kamba ya mbele, kisha ya nyuma. Wenzake wamemuuliza mara nyingi, anawaambia plastiki inataka hewa. Namsalimia, ananiitikia. Akina mama wameniambia kuna njia ya nyuma ya kanisa, ina migomba, haina jua wala matope. Nawashukuru. Yeye hajaacha kukunja, na mimi sijabadilisha njia.